Sikuonja Chakula cha Ndoa ya Josiane

Mimi ni bibi wa miaka sitini na minane, mjane, mzaliwa wa Uvira kule Congo. Hapa Durban watu wote wananiita Koko, yaani bibi. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo msitafute humu Kiswahili cha redioni. Tafuteni moyo wangu, nimeuweka hapa wote... na bado haujapoa!

Kuna mwanamke mmoja nilimchukia na mpaka leo namchukia. Nitamwita Mama Josiane. Mchungaji akisoma haya atasema Koko hajaokoka. Aseme! Yeye hakufanyiwa nilichofanyiwa mimi.

Nianze na mjukuu wangu Furaha. Ni mtoto wa binti yangu, aliyekufa wakati wa vita. Nilimbeba mgongoni kutoka Uvira, tukapita nchi za watu moja baada ya nyingine mpaka tukaishia huku. Tangu akiwa mdogo nilimwita mke mwenza, kama mabibi wa kwetu wanavyotania wajukuu zao wa kike. Naye alikuwa na mdomo! Alikuwa ananijibu, "Mke mwenza, mume wetu alishakufa, sasa tunagombania nini?"

Alipokua akapata kazi saluni. Tulipanga Berea, ghorofa ya sita, kwenye jengo ambalo lifti yake ilikufa kabla sisi hatujahamia. Mimi nilikuwa napika. Siku za kazi nilipeleka chakula Clairwood kwa madereva wa malori. Mwisho wa juma nilipikia ndoa na misiba ya watu wetu, Wacongomani na Warundi. Sombe yangu ya majani ya muhogo, mikeke yangu, samaki wa ziwa letu, ndizi zangu za nyama... Nawaambieni bila haya, hapa Durban ndoa haikuitwa ndoa kama sufuria za Koko hazipo!

Sasa shikeni desturi hii, maana mkasa wote umekaa juu yake. Kwetu watu wanaogopa sumu kuliko risasi. Risasi unaisikia ikija. Kwa hiyo chakula cha ndoa hakiguswi mpaka aliyepika asimame mbele ya wageni, achote kijiko, aonje, ameze. Hapo akina mama wanapiga vigelegele na watu wanaanza kupanga foleni. Huku ugenini desturi hiyo ilizidi nguvu, kwa sababu tumekutana watu wa kila kona na hakuna anayejua mwenzake alikimbia nini. Mimi nilikuwa naonja kwa madaha, nafunga macho, nazungusha kiuno kidogo. Watu walikuwa wananingojea kama wanavyomngojea bibi harusi.

Basi Furaha akaanza kuja nyumbani na rafiki yake, Goreth, msichana wa Kirundi, mrefu, fundi wa simu. Nilijua wanapendana kabla hawajaniambia. Bibi haambiwi mambo hayo. Bibi anatazama tu mezani nani anasogezewa kipande kizuri cha nyama.

Waliponiambia nilipiga kelele siku nzima. Nilimwuliza Mungu kama hana kazi nyingine. Halafu nyonga yangu ikanishika, nikashindwa hata kusimama, na ile lifti maiti! Goreth akainama, akaniweka mgongoni, akanishusha ngazi zote mpaka chini, akanipeleka kliniki, akanipandisha tena. Jasho linamtoka, ananiimbia Kirundi nisilie. Mwanamke aliyekubeba hivyo utamwambia nini? Nilimwambia Furaha, "Mke mwenza, huyu mume wetu mpya ana mgongo kuliko yule wa kwanza."

Walicheka, wakalia, wakanikumbatia. Tukala. Yakaisha.

Mwaka 2011 Goreth akaitwa na wale wanaosafirisha wakimbizi kwenda nchi za baridi. Kesi yake ilikuwa imekubaliwa, alikuwa anangojea ndege tu. Furaha alikuwa na karatasi za ukimbizi pia, lakini kesi yake ilikuwa peke yake. Wakawaambia wazi: mkiwa mmefunga ndoa ya sheria, mnahesabiwa familia moja na mnaondoka pamoja. Bila ndoa, kila mtu na njia yake.

Na sheria ya huku ilikuwa inaruhusu! Mwanamke na mwanamke, hata kama wote wawili ni wageni, hata kama hamna pasipoti ya nchi hii. Shida ilikuwa maofisa. Wengine walikuwa na haki ya kukataa kufungisha ndoa za namna hiyo, wakisema dhamiri zao hazitaki. Tulizunguka tukachoka. Mwisho tukampata mama mmoja wa Kizulu, mnene, miwani yake inaning'inia kwenye kamba shingoni. Akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Sharp, sawa. Njooni Alhamisi, na mashahidi wawili."

Shahidi wa kwanza nilikuwa mimi. Wa pili... ole wangu! Wa pili nilimchagua Mama Josiane.

Alikuwa rafiki yangu. Tulifika Durban wakati mmoja, tukalala kwenye zulia moja, nilimpokea mtoto wake wa mwisho kwa mikono hii. Tulikuwa kanisa moja, na mwezi ule akina mama walikuwa wanataka kuchagua kiongozi wao. Jina langu lilitajwa, lake pia likatajwa. Mimi sikuona neno. Nilimwita nyumbani, nikampikia mikeke, nikamwambia siri yote. Alilia na mimi. Akalamba vidole, akasema, "Koko, mdomo wangu ni kaburi."

Kumbe kaburi lisilofunikwa!

Alhamisi ikafika. Furaha alivaa gauni jeupe aliloshona mwenyewe, Goreth shati la bluu na viatu vinavyong'aa. Mimi nilivaa kitenge changu kizuri kuliko vyote. Tukasimama mlangoni pa ofisi tunamngojea shahidi wetu. Mara nasikia nyimbo... Nikafikiri ni watu wa chama fulani wanaandamana. Wakakata kona kwenye robot, zile taa za barabarani. Ilikuwa kwaya ya akina mama ya kanisa letu, wote na sare! Na mbele yao, amebeba Biblia kama ngao, ni nani? Mama Josiane!

Waliimba, walipiga makofi, walilaani. "Iko shetani hapa!" akapaza sauti akinionyesha mimi kwa kidole. Mimi! "Huyu mama mzee anauza mjukuu wake kwa shetani!" Watu waliokuwa kwenye foleni ya vitambulisho wakageuka. Wengine wakatoa simu wakapiga picha. Mtu mmoja akamtemea Goreth mate kwenye shati. Walinzi wakaja, wakatusukuma wote mpaka barabarani, sisi na kwaya pamoja, kama mbuzi wa zizi moja.

Yule mama wa Kizulu akatoka. Akaniita bibi kwa Kizulu, "Eish, Gogo, leo haiwezekani. Ofisi ikitulia mtarudi." Lakini siku aliyotupa ilikuwa baada ya ndege ya Goreth.

Mnafikiri yaliishia hapo? Picha zilifika Uvira kabla sisi hatujafika nyumbani! Mdogo wangu wa kiume akanipigia simu, akasema nisimwite tena ndugu. Mwenye jengo akatuambia tutafute pengine. Mwenye saluni akamwambia Furaha wateja hawataki mikono yake vichwani mwao. Vijana wakamvizia Goreth nje ya duka lake, wakampiga, wakamvunja jino la mbele. Alikuja kwangu anavuja damu, eti amekuja kunisaidia kufunga mizigo!

Alitaka kuiacha ile ndege. "Siendi bila yeye, Koko." Nani angemruhusu akae auawe? Ukikosa safari hiyo, hupangiwi nyingine kwa urahisi. Furaha ndiye aliyemsukuma. Pale uwanja wa ndege walishikana mikono tu, kama watu wanaosalimiana, kwa sababu walikuwepo Warundi wengine wanasafiri. Mpaka leo nikikumbuka ile mikono... natamani kumng'ata mtu!

Tukahamia Mobeni, chumba kimoja nyuma ya ghala, malori yananguruma mpaka vikombe vinacheza mezani. Furaha hakula, hakusema. Alikuwa anaongea na Goreth tu, kwa simu. Mke mwenza wangu mwenye mdomo, nikimtania, ananitazama kama hajui lugha ninayosema.

Na Mama Josiane? Akawa kiongozi wa akina mama! Kwa kura zote!

Hapo ndipo nilipoanza kupika kitu kingine ndani ya moyo wangu, kwa moto mdogo.

Kanisa lilikuwa limenifukuza na watu hawakuniita tena kwenye ndoa zao. Basi nikaenda kutubu. Ndiyo, mimi! Nilipiga magoti mbele ya watu wote nikasema nimekosea kumuunga mkono mjukuu wangu. Furaha nilimweleza kabla. Alisema, "Nenda Koko, tunahitaji kula." Mama Josiane akaniwekea mkono kichwani, akaniombea kwa sauti, machozi ya mamba yanamtiririka. Ule mkono niliuona mzito kama jiwe la kusagia. Nikasema amina. Moyoni nikasema: siku moja utanihitaji, mwanamke wewe. Siku moja utakuwa na ndoa.

Sikungoja milele. Mwaka 2013 Josiane, binti yake mkubwa, akachumbiwa na kijana wa ukoo mzito. Wakwe wafanyabiashara wa Johannesburg, watu wa kujivuna, wanakuja na magari yao. Mama Josiane angemwita nani apike? Akanijia Mobeni na soda na mkate, anacheka meno yote nje.

"Koko wangu, ya kale tumemwachia Yesu, si ndiyo?"

"Yesu ana kazi," nikamwambia. "Watu wangapi?"

Alitaka kila mtu aone kwamba Koko, ambaye yeye alimdhalilisha, sasa anampikia. Nami nikapika! Sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu wameniongopea sana. Sikutia kitu! Mungu ananiona. Mikeke niliichagua mmoja mmoja. Sombe niliitwanga mwenyewe mpaka mabega yakafa ganzi. Nyama ililainika hata asiye na jino angeila. Sijawahi kupika vizuri kama siku ile, tangu nizaliwe.

Ukumbi ulijaa. Mchana mkali, watu wana njaa, harufu inawatia wazimu. Wakwe walikaa mbele, shangazi wa bwana harusi amevaa dhahabu mpaka kwenye miwani. Msema chochote akashika kipaza sauti, "Na sasa, mabibi na mabwana, anakuja mama wa sufuria! Koko, tuonjee tule!"

Nikatoka. Vigelegele. Nikafunua sufuria, nikachota kijiko cha sombe, nikakiinua mpaka hapa, karibu na mdomo. Nikamtafuta Mama Josiane kwa macho. Nikamwona. Nikamtazama... nikamtazama vizuri... nikamtabasamia.

Halafu nikakirudisha kijiko mezani, kimejaa vilevile.

Nawaambia ukumbi ulikufa! Msema chochote akacheka peke yake, "Koko leo anatutania!" Nilikunja mikono nikasimama. Sikusema neno moja baya, na hakuna atakayekuja kunishitaki kwa neno. Mtu anashitakiwa kwa kutokula?

Shangazi wa dhahabu akasimama. "Mbona haonji?" akauliza kwa sauti. "Mama Josiane, mpishi wako mbona haonji?"

Mama Josiane akanijia mbio, jasho limechora njia kwenye poda. "Koko, onja! Nakusihi, onja!" Nikamwambia polepole, yeye peke yake asikie, "Onja wewe. Wewe si unamwamini Mungu?"

Jamani! Alikishika kile kijiko. Watu wote wanamwangalia, mwanawe kwenye kiti cha bibi harusi anamwangalia. Angekula tu, mchezo wangu ungekuwa umeisha na mimi ningekuwa kichekesho. Kijiko kimoja! Lakini kijiko kiliinama kabla ya kufika mdomoni, sombe ikamdondokea kwenye kitenge. Hakuweza! Hakuweza kwa sababu yeye peke yake kwenye ukumbi ule alijua ninamdai nini. Dhambi yake mwenyewe ilimfunga mdomo.

Akakiweka chini. Na wakwe wakaona ameogopa chakula cha nyumba yake.

Magari ya Johannesburg yakaanza kuwashwa moja baada ya jingine. Bwana harusi alibaki, ni kijana wa watu. Waliobaki walinunuliwa chipsi na mikate dukani kwa Mhindi. Ndoa ya ukoo mzito ikaliwa kwa chipsi! Mimi nikapakia sufuria zangu kwenye bakkie, kigari cha mizigo, nikaenda nazo Clairwood kwa madereva. Nikaonja mbele yao, nikala nao, tukashiba mpaka tukafungua mishipi. Hakuna aliyeumwa hata tumbo! Nilirudi nyumbani naimba. Usingizi nilioupata siku ile, sijaupata tena.

Mnataka niwaambie nilijuta? Kwa Mama Josiane, hapana! Aliuacha uongozi, akahama kanisa, akipita njiani watu wanamwuliza kwa nini aliogopa. Vizuri! Josiane ndiye hakunikosea kitu. Yule binti alilia poda yote ikaisha. Wakwe walimsimanga miaka. Yeye namwomba msamaha hapa hapa, mbele yenu. Mama yake simwombi.

Lakini sumu, wasomaji wenzangu... sumu ambayo sikuitia ilianza kutembea yenyewe.

Hakuna aliyeniita tena kupika. Hata msiba! Nikipita sokoni mama mmoja anamvuta mwanawe karibu. Habari zikafika Clairwood. Madereva niliowalisha miaka yote, vijana wazuri wa Tanzania na Malawi, wakaanza kuniambia kwa adabu, "Shikamoo bibi, leo tumeshiba." Leo tumeshiba. Kesho yake pia wameshiba. Walionijua wakala kidogo kidogo, halafu nao wakashiba. Nikamwaga sufuria nzima. Kodi ya chumba ikawa inalipwa na Furaha peke yake, kwa kusuka watu majumbani.

Nikajiambia si neno. Nimelipa, nimelipwa.

Mwaka 2015 Goreth akarudi! Alikuwa na karatasi za kukaa kule kwenye baridi, ingawa uraia bado. Alikuja kumuoa Furaha hapahapa, ili aweze kumwita kule kama mwenzi wake. Mwili umenenepa, jino la dhahabu mahali pa lile lililovunjwa. Aliponiona akainama na kunigeuzia mgongo: "Panda, Koko!" Nililia kama mtoto.

Ofisi ni ileile. Na nani amekaa mezani? Mama wa Kizulu, miwani kwenye kamba! Akanitambua. "Hawu, Gogo! Leo umekuja bila kwaya?"

"Leo mimi ndiye kwaya," nikamwambia, nikapiga kigelegele mpaka mlinzi akaruka.

Waliweka sahihi. Wageni wawili wasio na nchi hapa, ndoa ya sheria, muhuri juu. Nilimwita Furaha mke mwenza, naye kwa mara ya kwanza tangu siku ya kwaya akanijibu: "Mke mwenza, sasa tugombane, mume yupo!"

Tulifanya sherehe Berea, uani kwa rafiki yake wa saluni. Walikuja watu, si wengi, lakini walikuja, na wengine walikuja kwa ujasiri, maana walijua watasemwa. Wacongomani, Warundi, wasichana wa Kizulu wa saluni. Na mimi nilipika. Mikeke, sombe, ndizi za nyama. Nilipika kama ya Josiane, hapana, zaidi!

Nikatoka na kijiko. Nikafunga macho, nikaonja. Nikameza. Nikafungua mdomo waone. Nikazungusha kiuno changu hiki chenye nyonga mbovu.

Hakuna kigelegele.

Nikachota kingine. Nikala. Nikachota mikeke, nikala na miba yake. Goreth akaja, akala kwa mikono miwili. Furaha akala. Wageni wakatazama viatu vyao. Mama mmoja akasema ana kidonda cha tumbo. Mwingine akasema amefunga. Wale wasichana wa Kizulu, ambao hata hawakuijua desturi yetu, waliona wengine hawali, nao wakaweka sahani chini.

Niliendelea kula. Nilikula mbele yao mpaka pumzi ikakata, nawaambia kwa macho: tazameni, mzima! Nani angeamini? Kama mtu anaweza kukataa kuonja chakula kisafi, si anaweza pia kuonja kichafu?

Ndipo Furaha akaja na gauni lake, lilelile la siku ya kwaya. Akaninamia sikioni, sauti laini kabisa, hataki niumie.

"Koko... niwatume wakanunue chipsi?"

Nilitikisa kichwa kukubali. Nikafunika sufuria.

Walikwenda wakanunua chipsi. Watu wakala, wakacheza, wakawa na furaha. Ndoa ya mjukuu wangu niliyoitafuta kwa machozi miaka yote... ikaliwa kwa chipsi! Sufuria zangu zikarudi Mobeni zimejaa.

Furaha amekwenda zake kwa mumewe, wako pamoja, na hilo Mama Josiane hakuliweza. Kila nikilikumbuka nasimama wima! Ananipigia simu, anasema kule sombe haipatikani, wanakula tu ya makopo.

Ndugu zangu, sisemi msilipize kisasi. Anayesema hivyo hajatemewa mate mtoto wake mlangoni. Ila nawasihi, hasa nyie akina mama mnaoishi kwa mikono yenu: siri ya mtoto wako usimpe mtu mnayegombea naye kiti, hata akilia na wewe, hata akilamba vidole. Na ukitaka kumpiga adui, mpige kwa mdomo, mpige kwa fimbo, mpige hata kwa ufagio! Usimpige kwa kitu kinachokulisha. Mimi nilichukua sufuria, ambayo ndiyo jina langu, nikamrushia. Ilimpata. Ilimpata barabara! Lakini haikurudi mkononi kwangu.

Siku hizi napikia sufuria ndogo, ya mtu mmoja. Ikiiva naifunua, nasimama, nachota kijiko, naonja kwanza. Halafu ndiyo nakaa kula.